Adui wa Jana, Mtani wa Leo: Habari za Kuaminiana Katika Nyanda za Juu za Kusini

Wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike machache juu ya historia ya sehemu zetu hizi za Mbeya na Iringa, kwa ajili ya wanafunzi wa zamani watakaokusanyika, na kwa ajili ya vijana ambao sasa wanakalia madawati tuliyoyakalia sisi. Nimechagua jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Ni kitu gani hufanya kundi moja la watu liliamini kundi jingine, au lilishuku? Swali hili si la darasani tu. Linatuhusu katika ndoa za watoto wetu, katika kupiga kura, katika kugawana maji ya mito, na hata katika kuchagua kiranja wa bweni.

Watu wengi hulijibu kwa urahisi. Husema kila kabila lina tabia yake: hawa ni wakali, wale wana majivuno, hawa ni wapole, wale wanapenda biashara, na kwa sababu ya tabia hizo, basi, makabila hupendana au huchukiana tangu enzi za mababu. Historia yetu haikubaliani na jibu hilo. Inaonyesha kuwa yale tunayoyafikiri juu ya jirani hutegemea zaidi mambo yaliyopita kati yetu naye: ahadi iliyotimizwa au iliyovunjwa, kazi tuliyofanya pamoja, na kama yule anayetawala alitutendea sote kwa haki. Mambo hayo yakibadilika, mawazo nayo hubadilika, wakati mwingine katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Makabila yalivyopatikana

Miaka mia mbili iliyopita hapakuwa na watu walioitwa Wahehe kwa maana tunayoifahamu leo. Katika nyanda za Iringa palikuwa na tawala ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtwa wake, mipaka yake na matambiko yake. Katikati ya karne ya 19 Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, alianza kuziunganisha kwa vita, kwa ndoa, na kwa kuwaweka watu wake mahali pa watawala aliowashinda. Jina lenyewe la Wahehe, inasemekana, lilitokana na ukelele wao wa vita. Watu walioshindwa walipewa mkuki na ngao, wakapigana upande wa aliyewashinda, wakagawiwa ng'ombe wa mateka, na watoto wao wakakua wakijiita Wahehe bila kusitasita.

Usangu nako mambo yalikuwa yayo hayo. Chini ya watawala wa ukoo wa Merere, watu wa bonde la juu la Mto Ruaha Mkuu walijifunza mbinu za vita za Wangoni waliopita wakitoka kusini, wakawa nguvu ya kutisha kabla Wahehe hawajasikika. Upande wa Rungwe, jina la Wanyakyusa zamani lilikuwa la watu wachache tu. Ni wakati wa utawala wa Waingereza ndipo lilipotandazwa juu ya watu wote wa bonde lile. Na masimulizi ya Wanyakyusa wenyewe yanasema kuwa watawala wao walishuka kutoka milima ya Ukinga. Kwa hiyo Mnyakyusa anayemcheka Mkinga huenda anamcheka babu yake.

Tuliweke jambo hili akilini kabla ya kuendelea. Kabila halikushuka kutoka mbinguni likiwa limekamilika. Ni watu ambao, kwa hiari au kwa kulazimishwa, walifika mahali pa kutegemeana, kisha wakasahau kwamba hapo awali hawakuwa hivyo.

Merere na Mkwawa

Munyigumba alipopata nguvu aliwapiga Wasangu na kuwatoa katika nchi yao. Merere akahamia Usafwa, akajenga boma huko Utengule, si mbali na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton, aliyekuwa Konsoli wa nchi yake huko Msumbiji, alifika kwa Merere akamkuta amezingirwa na majeshi ya Wahehe. Nao Wasafwa, wenyeji wa nchi ile, walijikuta chini ya wageni wenye silaha. Kwao mtu wa kuogopwa hakuwa Mhehe aliye mbali, bali Msangu aliyekaa karibu na ghala lao.

Munyigumba alifariki miaka michache tu baada ya ushindi wake. Mwanawe Mkwawa alipata utawala baada ya fitina na mapigano ndani ya nyumba ya baba yake, kisha akaupanua ufalme hata misafara ya pwani ikawa haipiti bila yeye kujua. Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma Emil von Zelewski na jeshi la askari mia kadhaa kwenda kumtiisha. Masimulizi ya Wahehe yanasema kuwa Mkwawa alituma wajumbe kwanza, nao wakapigwa risasi kabla ya kusema neno. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe walilivamia jeshi lile likiwa katika mstari mrefu njiani. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake.

Vijana wote wanaijua habari ya Lugalo. Habari inayosemwa mara chache ni ile ya Merere. Wajerumani waliporudi kwa nguvu zaidi na kuiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, Wasangu walikuwa upande wa Wajerumani. Baada ya Mkwawa kushindwa, Merere alirudishwa katika nchi ya baba zake. Msomaji wa leo hukasirika, akauliza: mbona Merere hakushikana mkono na Mkwawa kumpinga mgeni? Lakini tujiweke mahali pake. Mgeni alikuwa hajamfanyia Merere ubaya wowote. Aliyemnyang'anya nchi, aliyemfukuza na kumzingira, alikuwa jirani. Hapakuwa bado na neno la kuwaita Msangu na Mhehe kwa jina moja. Jina la Watanganyika halikuwako, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwomba Merere afe kwa ajili ya jina lisilokuwako.

Sasa tutazame ndani ya Uhehe kwenyewe. Tangu Kalenga ilipoanguka mpaka kifo cha Mkwawa tarehe 19 Julai 1898 ilipita karibu miaka minne. Katika muda huo alikuwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, akilishwa na kufichwa na wananchi. Wajerumani walitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, fedha ambazo mtu wa kijijini asingeweza kuzipata maisha yake yote. Wako waliomwacha, wengine kwa njaa na wengine kwa hofu, lakini wengi hawakusema. Tukumbuke kuwa baba na babu za watu hawa walikuwa wametiishwa na Munyigumba kwa mkuki. Katika muda wa vizazi viwili watu walioshindwa walikuwa wamegeuka kuwa watu wasiouzika.

Wajerumani nao walijaribu kutawala bila kuamini. Mwishoni mwa 1896 Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala wa Uhehe. Mwezi Februari 1897, baada ya majuma machache tu, Mpangile alinyongwa kwa kushukiwa kuwa anamsaidia ndugu yake. Ni nani tena angekubali kwa moyo mweupe kuwa mtu wa Wajerumani? Mtawala asiyemwamini mtu huwafanya watu wote wasiaminike.

Mwaka 1905

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Ilikuwa mara ya kwanza kwa makabila mengi ya kusini kujaribu kupigana chini ya tumaini moja. Yale maji yalikuwa dawa, lakini yalikuwa pia njia ya kuaminiana. Mtu aliyeyanywa alijua kuwa mwenzake wa mbali, asiyemfahamu kwa sura wala kwa lugha, ameyanywa vile vile.

Vita vilipofika kwetu, nchi iligawanyika. Mwezi Septemba Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Wabena wengine, chini ya Kiwanga katika bonde la Ulanga, walikuwa upande wa Wajerumani, na Kiwanga mwenyewe akauawa katika vita hivyo. Wanyakyusa walikaa kimya. Walikuwa wamekwisha kupigwa mwaka 1897. Nao Wahehe, wale wa Lugalo, hawakuingia. Wengi wao walikwenda kupigana pamoja na Wajerumani dhidi ya majirani.

Si haki kuwaita wasaliti, na si kweli kusema kuwa walikuwa wameanza kumpenda Mjerumani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu kifo cha Mkwawa. Walijua bunduki zinavyofanya kazi, na hawakuiamini dawa iliyoletwa na watu ambao baba zao walikuwa wakipigana nao. Maji yale yalitaka kuwaunganisha, katika muda wa miezi, watu waliokuwa na miaka mingi ya damu kati yao. Muda ulikuwa mfupi mno. Njaa iliyofuata vita haikuuliza nani alikunywa maji na nani hakunywa.

Vijiji vya marika

Wako ambao husema kuwa mtu kwa asili humwamini wa damu yake tu. Hao ningependa wasome habari za Unyakyusa wa zamani. Wasomi wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi Unyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, na Monica akaandika kitabu juu ya vijiji vya marika kilichochapishwa 1951.

Wavulana wa umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliokuwa wakichunga ng'ombe pamoja, waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji. Walilala huko, na wakati wa kula walikwenda kwa kundi kutoka nyumba ya mama mmoja hata ya mama mwingine. Walipokua wakaoa, kijiji chao kikawa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Mara moja katika kila kizazi palikuwa na sherehe kubwa, wazee wakawakabidhi vijana nchi. Kijijini jirani yako hakuwa ndugu yako wa damu. Alikuwa mwenzako wa kuchunga, wa kula na wa kuzungumza. Wanyakyusa waliliona jambo hilo la kukaa na wenzako kwa furaha kuwa ndilo tunda bora la maisha, wakalipa jina lake: ukwangala.

Hatusemi kuwa hapakuwa na ubaya. Palikuwa na hofu ya uchawi, na mtu mbinafsi aliyekula nyama peke yake alisemwa vibaya sana. Lakini ona maana yake: wavulana wa koo mbalimbali waliaminiana kwa kula pamoja kwa miaka mingi. Vijiji hivyo vilififia ardhi ilipopungua kwa kahawa na chai, na vijana walipoanza kusafiri kwenda kwenye dhahabu ya Lupa, sisali na migodi ya ng'ambo. Mtu yeyote aliyelala katika bweni letu atatambua kuwa jambo lenyewe halikufa, lilihamia shuleni.

Utani

Kati ya miaka ya 1878 na 1882 Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali sana, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwishowe wote walichoka wakaacha. Mtu angetazamia kuwa wajukuu wa watu hao wangechukiana mpaka leo. Badala yake ni watani.

Wasomaji vijana wa mjini huenda wanaujua utani kama mzaha wa kwenye redio tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakuita mla mbwa, akachukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Msibani mtani hufanya kazi ambazo ndugu wa marehemu hawawezi kuzifanya kwa uchungu: husaidia kuchimba kaburi, huwachekesha waliao, tena huweza kulala penye kaburi akidai alipwe kwanza. Ukikutana na mtani safarini huna chakula, unayo haki ya kudai. Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, aliandika makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika; na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya habari zake kutoka sehemu nyingi za nchi.

Utani una hekima kubwa. Wazee hawakusema kuwa vita havikuwako, wala hawakuwakataza watu kuvitaja. Waliigeuza ile chuki ikawa mchezo wenye sheria. Kila tusi lisilojibiwa kwa rungu ni ushahidi kuwa amani bado ipo. Tena haukubaki mashambani. Wakati wa Waingereza, watu wa Iringa, Njombe na Songea walikwenda kwa maelfu kukata mkonge huko Tanga na Morogoro. Huko mtu hakuwa na mjomba wala shangazi. Akifa, ni nani atamzika? Mtani. Kwa njia hiyo watu waliotupwa pamoja na umaskini walipata namna ya kudaiana wema.

Waingereza, kabila na shule

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia wenyeji. Kila eneo sharti liwe na kabila lake, na kila kabila liwe na chifu wake. Mwaka huo huo Sapi, mwana wa Mkwawa, alirudishiwa utawala wa Uhehe. Utaratibu huo ulileta heshima fulani, lakini pia uliwafundisha watu kudai kila kitu kwa jina la kabila: barabara, mahakama, shule, hata nafasi ya kazi. Watu ambao babu zao walijiita kwa majina ya vilima na mito wakaanza kujiandikisha kwa jina moja kubwa.

Hata elimu ilipita njia hiyo. Shule ya Malangali, iliyofunguliwa 1928, ilijaribiwa na mwalimu mkuu W. B. Mumford kuwa shule ya mila. Wavulana walivaa mavazi ya asili, walirusha mikuki, walicheza ngoma, na wazee walikuja kuwafundisha desturi. Nia yake haikuwa mbaya, lakini alitaka kijana atoke shuleni akiwa mtu wa kabila lake zaidi kuliko alivyoingia. Mambo hayakwenda alivyotazamia. Wavulana waliokaa pamoja wakitoka sehemu mbalimbali walijifunza kitu ambacho hakikuwa katika ratiba, nacho ni kufahamiana.

Mwaka 1954 una mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa pamoja. Tarehe 19 Juni Gavana Edward Twining alilirudisha fuvu la Mkwawa Kalenga, miaka thelathini na mitano baada ya kutajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ilidhani inawapa Wahehe fuvu lao. Kumbe katika miaka iliyofuata Mkwawa alitoka mikononi mwa kabila moja akawa shujaa wa nchi nzima. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyelipokea fuvu lile, aliongoza Bunge la nchi nzima akiwa Spika kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Kati ya wabunge waliomwita "Mheshimiwa Spika" walikuwako watu ambao babu zao walipigana na babu yake.

Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa 1963. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, na kijana wa Kyela akapelekwa Musoma, wa Musoma akaletwa Iringa. Kiswahili kikawa lugha ya wote bila kuwa mali ya yeyote kati yetu. Katika sensa ya 1967 watu waliulizwa kabila. Katika zilizofuata hawakuulizwa.

Je, mambo haya yalikuwa na matokeo? Mwaka 2004 Edward Miguel, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili zinazofanana kwa mengi: Busia nchini Kenya na Meatu hapa kwetu. Busia, mahali palipokuwa na makabila mengi zaidi, watu walichangia shule zao kidogo zaidi. Meatu kuchanganyika kwa makabila hakukupunguza michango. Mkulima wa Meatu hakuwa na moyo mwema kuliko wa Busia. Tofauti ilikuwa siasa ya nchi, lugha, na yale waliyofundishwa shuleni kwa miaka thelathini.

Watu wa shule za bweni watafurahi pia kusikia habari za Muzafer Sherif. Katika kiangazi cha mwaka ule ule wa 1954 aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka kama kumi na mmoja katika kambi moja ya jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa wa dini moja na wa hali moja, nao hawakujuana. Aliwagawa makundi mawili, akawashindanisha katika michezo yenye zawadi. Baada ya siku chache walikuwa wakitukanana, wakichomeana bendera na kuvamiana usiku. Kuwakalisha pamoja mezani hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ya wote. Maji ya kambi yalikatika, gari la chakula likagoma kuwaka, na hakuna kundi lililoweza kulivuta peke yake. Huko hapakuwa na kabila, wala vita vya mababu. Walitosha majina mawili na kikombe kimoja cha kugombania. Viranja wa mabweni wanaelewa.

Pasipo kabila

Tusidhani, basi, kuwa kabila ndilo chanzo pekee cha kutoaminiana. Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, watu wa makabila mengi walikuwa wamehamia kulima mahindi. Wengine walipata mashamba makubwa na matrekta, wengine wakawa vibarua wao. Ulipofika wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, hofu ilitanda kati ya wakulima wakubwa na Serikali. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, naye Mwamwindi baadaye alihukumiwa kunyongwa. Msiba ule hauelezeki kwa kabila la mmoja wala la mwingine. Pande mbili zilikuwa zimefika mahali ambapo kila neno la mwenzake lilisikika kama tishio.

Na katika siku zilizo karibu zaidi, turudi Usangu alikoanzia Merere. Bonde hilo leo ni la watu wengi: Wasangu wenyewe, Wabaluchi wa Rujewa waliosaidia kueneza kilimo cha mpunga wa kumwagilia, Wahehe, Wabena na Wanyakyusa waliofuata mashamba, na Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig walioleta mifugo yao, wengi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kuanzia 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha. Umeme wa Mtera na Kidatu ulipopungua, watu walitafuta wa kulaumiwa, na kidole kikaelekezwa kwa mfugaji. Katika 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao kwa malaki waliondolewa Usangu, wakapelekwa mpaka Lindi na kwingineko. Walilalamika juu ya faini nzito na mifugo iliyofia njiani.

Wataalamu wa maji waliokuwa wamelichunguza bonde hilo kabla ya hapo walionyesha kuwa sababu kubwa ya mto kukauka wakati wa kiangazi ni maji yanayotolewa mifereji ikaendelea kutiririka mashambani hata msimu wa mpunga ukiisha. Ng'ombe hudhuru mbuga, hakuna anayekataa, lakini ng'ombe hawezi kunywa mto. Kwa nini basi mfugaji alikuwa mwepesi kulaumiwa? Kwa sababu alikuwa wa mwisho kufika, lugha yake ilikuwa ngeni, hakukaa katika kamati za maji, na hakuwa na mtani wa kumtetea.

Tulichojifunza

Nikusanye maneno yangu. Kwanza, makundi tunayoyaona kuwa ya milele yalitengenezwa na watu, na yanaendelea kutengenezwa. Pili, chuki kati ya majirani mara nyingi ni kumbukumbu ya deni lisilolipwa. Kuwahubiria watu wapendane bila kulishughulikia deni hilo ni kumwaga maji juu ya bata. Tatu, kukaa karibu peke yake hakuleti kuaminiana. Msafwa na Msangu walikaa karibu. Kinachohitajika ni kazi ambayo kila upande unamhitaji mwenzake, na mwamuzi asiyependelea. Nne, wazee wetu walivumbua njia zao za kufanya hivyo, kama vile utani na kijiji cha marika, kabla ya mtaalamu yeyote kuja na daftari.

Kwenu wanafunzi mliopo sasa: siku hizi wengi wenu mnasoma shule za kata, karibu na nyumbani, na wanaopelekwa mikoa ya mbali si wengi kama zamani. Ni jambo jema kwa wazazi na kwa mifuko yao, maana watoto wengi zaidi wanapata sekondari kuliko wakati wetu. Lakini ile kazi iliyofanywa na gari moshi na basi la wanafunzi, ya kumleta mtoto wa Musoma alale kitanda cha jirani na mtoto wa Makete, haifanyiki tena yenyewe. Sharti mtu aifanye kwa kukusudia: katika michezo, katika kambi za kazi, katika kuwaalika wa shule nyingine.

Na kwetu wanafunzi wa zamani: katika mkutano wetu tutachanga kwa ajili ya shule, kama ilivyo desturi. Wengi wa watoto watakaofaidika si wa koo zetu, wala wa wilaya zetu, na hatutayajua majina yao. Mezani pale kila mmoja atatoa fedha yake akiamini kuwa mwenzake naye atatoa, na kuwa mweka hazina atazifikisha. Merere na Mkwawa hawakupata nafasi ya kuaminiana namna hiyo. Sisi tumeipata, kwa hiyo tuitunze.